Kopo la Des Linatazama Ukuta

Jumapili, 17 Machi

Kengele Tano imefungwa. Jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Leo nimeamka nikachungulia dirishani kama kila asubuhi. Bango bado lipo ng'ambo ya barabara, na zile kengele zake zilizopauka rangi, lakini mlangoni kuna kufuli jipya linalong'aa. Kijiji chetu kilikuwa na kanisa, sanduku la posta na baa moja. Sasa kina kanisa na sanduku la posta.

Tulikunywa mpaka mapipa yakakohoa. Kisha Pauline, ambaye ameiendesha baa hiyo tangu nywele zake zikiwa nyekundu za kweli, akapanda juu ya kreti. Alisema jengo ni la Bwana Lockwood wa mjini lakini vyombo na samani ni vyake yeye Pauline, na kwamba Bwana Lockwood keshaagiza kontena la taka lije Jumatatu. "Basi chukueni! Kila mtu na anachokipenda, akakitunze. Heri kikae kwenu kuliko jalalani."

Walivyovamia sasa! Kasisi akabeba ubao wa kurushia vishale kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Norman Blades akachukua kaunta. Kaunta nzima! Alikwenda kwake akarudi na msumeno. Pauline mwenyewe alibaki na mtungi wa mayai ya siki, akasema hakuna tumbo lingine kijijini linaloyaweza.

Mimi nilichukua kigoda cha Des, marehemu mume wangu. Kopo lake la bia sikulichukua. Limebaki mle ndani kwenye kulabu yake, limegeuzwa linatazama ukuta.

"Lichukue, Avril," Norman aliniambia. "Kesho hutaingia humu."

Nikamwambia mwaka haujaisha. Ni mpaka tarehe kumi na tano Mei. Norman hubishana hata na saa ya ukutani, lakini hapo hakubisha. Alivua kofia tu.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Kontena la taka lilikuja jana tupu, leo limeondoka tupu. Hakukuwa na cha kutupa! Dereva alinigongea akauliza kama amekosea kijiji. Nilimpa chai.

Nimekuwa nikikumbuka mwaka wa mzee Tunnard ulipotimia. Kopo la marehemu hugeuzwa ukutani siku ya mazishi, na hapo halishushwi mpaka mwaka uishe. Siku hiyo mjane ndiye anayeligeuza. Linajazwa, yeye anaanza, linazunguka baa nzima, kila mtu funda moja na neno moja juu ya marehemu. Mjane akitoka nje, hata kupiga chafya, kopo linawekwa chini linamsubiri. Na yule ambaye funda la mwisho linamwangukia, huyo ndiye anayeirithi kulabu: kopo lake linatundikwa hapo, naye anakuwa mtu wa baa mpaka afe.

La mzee Tunnard lilimwangukia Des. Alirudi nyumbani anatembea kama diwani. Nilicheka sana, kwa sababu Des wangu hakuwahi kumaliza bia katika maisha yake. Siku zote aliacha bia ya kimo cha kidole kimoja ndani ya kopo. "Hiyo ya kesho," alikuwa akisema. Siku hiyo alilazimika kumaliza, akakunja uso kama anameza dawa.

Sitaki kopo lake niligeuze hapa jikoni peke yangu, na redio ikisoma habari za hali ya hewa. Ni hilo tu. Mengine yote naweza.

Alhamisi, 28 Machi

Kuna karatasi ya manjano imefungwa kwenye nguzo ya taa. Norman aliisoma kwa sauti, huku mbwa wake akiikojolea nguzo. Bwana Lockwood anaomba kibali cha halmashauri aigeuze Kengele Tano iwe nyumba ya kuishi, vyumba vinne vya kulala na gereji. Mwenye pingamizi aandike. Ofisa atakuja kukagua.

"Tuitishe mkutano!" akasema Norman.

"Wapi?" akauliza Pauline.

Tukatazamana. Mikutano yote ya kijiji hiki, tangu enzi za bibi yangu, imefanyika Kengele Tano. Hata ule wa kulalamikia kelele za Kengele Tano.

Tulijaribu kibanda cha kituo cha basi. Kinatosha watu wanne, na Norman ni wawili. Mvua inaingia kwa pembeni. Kabla sijajizuia nikasikia sauti yangu inasema: "Njooni kwangu."

Jumatatu, 8 Aprili

Wamekuja. Nina viti viwili tu jikoni, changu na cha Des, kwa hiyo niliwaambia kila mtu aje na cha kukalia. Nilisahau wana nini majumbani! Kila aliyeingia mlangoni alikuwa na kigoda cha Kengele Tano kwapani. Kumi na kitu, miguu ile ile iliyotafunwa na mbwa wale wale.

Pauline alileta mayai. Kasisi alileta divai, akaapa si ya madhabahuni. Norman aliongea nusu saa juu ya haki za wananchi. Hatukuamua lolote. Tumekubaliana kukutana tena Alhamisi.

Wakati wa kuondoka Pauline akaniambia mlangoni, "Shoga, jiko lako lina joto zuri." Alikuwa anasema kweli. Nimekaa bila sweta mpaka sasa.

Ijumaa, 19 Aprili

Alhamisi, halafu Ijumaa, halafu kila siku isipokuwa Jumapili, maana kasisi ana kazi. Hakuna anayeuza kitu, kila mtu anakuja na chupa yake. Ubao wa vishale uko kwenye mlango wa stoo. Nina matundu mawili kwenye mkate na moja kwenye kalenda. Wiki hii Norman kaleta ile kaunta juu ya trela. Haikupita mlangoni — akaikata vipande viwili! Sasa imelala juu ya sinki langu. Ukitaka kuosha kikombe lazima umwombe anayekunywa anyanyue kiwiko.

Jana Norman alimwambia Pauline mayai yake ni ya zamani kuliko kanisa.

"Na wewe ni wa zamani kuliko hayo mayai," Pauline akajibu, "lakini mbona tunakuvumilia?"

"Mimi nimekaa kwenye bia, si kwenye siki."

"Ndiyo maana umevimba, mayai yangu hayajavimba."

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Kisha nikagundua kitu. Tangu Des aondoke, saa kumi na mbili jioni huwa nawasha redio ili nyumba isiwe kimya. Jana sikuiwasha. Juzi pia. Sijui ni lini niliacha.

Mkutano wenyewe, wa kuiokoa baa? Tunausahau kila jioni. Leo kasisi alikumbuka, tukaandika barua za pingamizi, zote zikaenda zina alama za duara za chini ya glasi.

Jumamosi, 27 Aprili

Bwana Lockwood amekuja mwenyewe! Tulikuwa tunacheza vishale, mlango ukagongwa, tukakaa wima kama vile mwalimu kaingia darasani.

Nilikuwa nimemfikiria mtu mwenye sigara kubwa na tumbo. Kumbe ni mwembamba, miaka arobaini hivi, viatu vizuri vimelowa tope, ana mafua. Aliinama chini ya boriti ya mlango lakini bado akajigonga. Nikamkalisha. Nikampa chai.

Aliongea kwa adabu, hilo nitalisema. Alisema amemwandikia ofisa wa halmashauri, Bi. Farrow, na alitaka tusikie kwake kabla hatujasikia kwa wengine. Kwanza, jengo haliwezi tena kuwa baa: hakuna kaunta, hakuna kiti hata kimoja, hakuna hata ubao wa vishale.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kiwiko cha Norman kilikuwa juu ya kaunta. Kishale kimoja kilikuwa bado kwenye ubao.

Ni sisi! Sisi wenyewe tumemsafishia jengo. Hata angelipa watu, wasingeweza kulisafisha vizuri hivyo.

"Na pili," akasema, akatazama huku na huku jikoni kwangu, polepole, vigoda, mayai, mbwa chini ya meza, "kijiji hakikosi mahali. Mahali penyewe ni hapa. Nimemwandikia hilo pia."

"Hapa ni kwa mjane wa watu!" Norman akafoka.

"Nimehesabu baiskeli nje," akajibu, si kwa kejeli. Akapenga kamasi.

Nikamsindikiza. Mlangoni nikamuuliza juu ya kopo. Akasema ndiyo, ameliona. Ni kitu pekee kilichobaki mle ndani.

"Nililigeuza nikasoma jina. Kisha nikalirudisha nilivyolikuta. Nilidhani pengine kuna sababu."

Niliporudi ndani nikawaambia bado lipo. Sikuwaambia aliligeuza. Norman angeenda kumgeuza yeye.

Jumatano, 1 Mei

Nimefunga jiko.

Nimelifikiria siku tatu. Kila jioni wakija kwangu, barua ya Lockwood inazidi kuwa ya kweli. Kijiji kina mahali! Na mimi hapa natandaza vitambaa mezani. Nilichelewa kusema kwa sababu nilijua nitakachokipoteza. Nataka Kengele Tano ifunguliwe. Na nataka wabaki hapa. Siwezi kupata vyote viwili, na kopo la Des liko kule, si huku.

Kwa hiyo jioni nilisimama juu ya kreti — lile lile la Pauline — nikawaambia, asanteni, leo ndiyo mwisho. Rudisheni vigoda majumbani, tutavihitaji.

Kisha Norman akasema, "Baa mbili zimefungwa ndani ya miezi miwili. Moja kafunga tajiri, ya pili umefunga wewe. Na wewe ulikuwa na wateja!"

Pauline alinibusu. Nimetundika kadibodi mlangoni: KUMEFUNGWA. Kasisi amesahau kofia. Saa kumi na mbili niliwasha redio. Walikuwa wanaongea juu ya magugu.

Jumapili, 12 Mei

Habari! Bi. Farrow atakuja Jumatano mchana, yeye na Lockwood, kukagua. Jumatano ni tarehe kumi na tano! Kasisi alitangaza kanisani katikati ya matangazo ya keki, akanitazama moja kwa moja, nami nikapoteza ukurasa wa tenzi.

Ufunguo anao Lockwood. Sisi hatuwezi kuingia. Lakini ule uwanja wa mbele wa kuegesha magari hauna lango. Mpango ni wa Pauline: kila kitu kirudi, kipangwe nje, mbele ya mlango, kama kilivyokuwa ndani. Akija akute kaunta ipo, viti vipo, watu wapo. Kitakachokosekana ni paa tu, na paa analo Lockwood.

Norman anaunganisha kaunta. Amepaka gundi. Amempaka na mbwa.

Jumanne, 14 Mei

Nimesugua kigoda cha Des kwa nta. Nimekanda unga wa kuviringishia soseji, zile alizokuwa akila tatu tatu kabla hazijapoa, anahema mdomo wazi. Kesho nitazioka mchana. Sitaki kusema mengi leo.

Jumatano, 15 Mei

Naandika nimesimama, hapa jikoni, mlango wazi. Nina dakika chache tu. Niandike upesi nisisahau ilivyokuwa!

Saa nane tulikuwa tumepanga kila kitu uwanjani. Kaunta juu ya mapipa mawili, vigoda, ubao wa vishale kwenye mti wa mbele. Bi. Farrow akashuka garini. Mwanamke mfupi, koti la mvua, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alitutazama muda mrefu. Tulikuwa watu kama thelathini, tumekaa kwenye baa isiyo na kuta, tunamtazama na sisi.

"Hivi vyote vilikuwa wapi?" akauliza.

"Tulivitunza," akasema Pauline.

Aliingia ndani na Lockwood. Mvua ikaanza, nyembamba. Hakuna aliyeinuka. Kasisi alifunika mayai kwa joho lake.

Walipotoka, Bi. Farrow hakuuliza juu ya kaunta. Aliuliza, "Kuna kopo mle ndani limetazama ukuta. Kwa nini?"

Wote wakanigeukia mimi.

Nikasema. Sikusema vizuri. Nilisema ni la mume wangu, Desmond, aliyekuwa akifunga marobota ya nyasi kwa trekta na kuimba vibaya. Kwamba leo ni mwaka. Kwamba hatuna pengine pa kuligeuzia, maana haligeuzwi ila hapo lilipo.

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye daftari lake. Akamgeukia Lockwood. "Siwezi kuipima kaunta hii kwenye mvua. Nataka kuiona mahali pake."

Lockwood alitazama ufunguo mkononi. Akatazama mvua. Akanitazama mimi.

"Dakika tano," akasema.

Dakika tano! Hajawahi kuwaona watu wa hapa wakiingia baa. Kaunta ilipita mlangoni kwa kishindo, ikavunjika pale pale Norman alipoigundisha, wakaishika tu kwa mikono miwili kila upande ikasimama. Ubao wa vishale ukaning'inizwa nyuma ya mlango, mahali ambapo kila anayeingia atachomwa. Mbwa akaenda moja kwa moja kwenye kona yake akalala. Pauline akapita nyuma ya kaunta, akaweka viganja viwili juu yake, akasema, "Haya. Nani kwanza?" Nikaona macho yake yamejaa.

Nikavuta kigoda cha Des, nikapanda, nikaligeuza kopo.

Lilikuwa na vumbi si haba upande wa ukuta. Nilitegemea nitalia. Sikulia. Nilijisikia kama mtu aliyemkuta mwenzake amelala na kichwa kimepinda, akamweka sawa.

Bia ilikuwa ya chupa, ya Norman. Pauline akalijaza kopo. Nikanywa funda langu, nikasema: alikuwa akipoza chai yangu kwa kuimimina kwenye sahani, hata baada ya mimi kumwambia aache. Wakacheka. Norman akasema, aliniazima ngazi mwaka wa mafuriko, na bado ninayo. Pauline: hakuwahi kuniuliza bia imepanda bei kwa nini. Kasisi: aliimba kwa sauti kubwa nyimbo alizozijua kidogo. Kopo likaenda, mkono kwa mkono. Bi. Farrow akaketi. Kalamu haikutoka kwenye nywele. Lilipomfikia alisema, "Sikumjua, lakini nimemwona hapa," akanywa kidogo, akapitisha.

Hapo ndipo nilipohesabu kwa macho. Mduara unaanzia kwangu, unapita dirishani, unapita kaunta, na unaishia mlangoni. Na mlangoni amesimama nani? Bwana Lockwood, ufunguo mkononi, anasubiri dakika zake tano ambazo zimekwisha zamani.

Yeye ndiye wa mwisho.

Hajui. Hakuna aliyemwambia juu ya kulabu. Nilimwona Norman naye ameligundua. Mdomo ukamfunguka, uso ukawa mwekundu kama bitiruti. Akaninong'oneza kupita vichwa vya watu watatu, sauti ambayo ingesikika kijiji cha pili: "Avril! Lirudishe nyuma! Lizungushe upande mwingine!"

Nikatikisa kichwa. Haligeuzwi njia. Linaenda linavyoenda.

Wakati huo huo nikasikia harufu — soseji zangu! Ndani ya oveni tangu kabla ya mvua! Nikasema, "Niwieni radhi," nikakimbia kuvuka barabara na aproni yangu.

Nimeziwahi. Zimekuwa nyeusi kidogo upande mmoja, ule ule aliokuwa akiupenda. Zinapoa kwenye trei. Ndiyo maana naandika, siwezi kubeba trei ya moto.

Kutoka hapa dirishani naona mpaka ndani, mlango wameuacha wazi. Hakuna anayekunywa. Wananisubiri. Kopo lilimfikia Lockwood nilipokuwa natoka, akaambiwa aliweke chini mpaka nirudi, na nadhani kuna mtu amemweleza ni kwa nini, labda amemweleza na ile habari ya kulabu, maana ameuweka ufunguo kando na amesimama wima sana. Norman anamwonyesha ukutani kwa kidole. Lockwood anatazama juu, anatazama chini. Limebaki kidole kimoja tu humo, niliona. Hiyo ya kesho.

Pauline amenipungia mkono. Norman anaita: "Avriiil! Njoo bwana, huyu mtu wako anatetemeka!"

Haya, nakuja. Trei bado ya moto, nitatumia taulo.

Kuna nzi mle ndani tangu tulipoingia, mmoja, mnene. Nimemwona Lockwood anamfuata kwa macho. Sasa ameweka kiganja juu ya kopo, amelifunika nzi asiingie.